Kilichoonekana Ukutani

Kwa siku tatu mfululizo mtandao wa kampuni ile ya vitabu ulijikokota kama mgonjwa anayejifunza kutembea upya. Ukurasa mmoja wa kitabu cha hesabu, ambao kwa kawaida ungefika kiwandani upande wa pili wa mji kabla mtu hajamaliza kupiga chafya, sasa ulichukua muda wa kunywa chai, kuosha kikombe, na kurudi kuukuta uko palepale. Wasanifu wa kurasa walikaa wameshika tama. Kiwandani nako walipiga simu kuuliza kama huku ofisini watu wamelala.

Lawama zote zilimwangukia fundi wa mtandao. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mkimya, ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Waya. Chumba chake kilikuwa stoo ya zamani ya karatasi, hakina dirisha, kimepakana na choo, hata nusu ya watu waliobisha hodi mlangoni kwake walikuwa wamekosea mlango. Nusu nyingine walikuja kumwambia kwamba printa imetafuna karatasi. Alikuwa ameisomea kazi yake na aliipenda, hasa pale alipofungua lile dirisha jeusi kwenye kioo cha kompyuta, lisilo na picha wala mapambo, akaandika amri fupi na mashine ikamjibu kwa maandishi vilevile, bila maneno mengi. Lakini hakuna aliyewahi kumwuliza anafanya nini humo. Mtandao ukienda vizuri walimsahau. Ukikwama walimkumbuka wote kwa pamoja.

Jumatano asubuhi mkurugenzi aliita kila mtu kwenye chumba cha mikutano. Alikuwa mama mwenye sauti ya chini, na kadiri alivyokasirika ndivyo sauti ilivyozidi kushuka. Siku hiyo watu walilazimika kuinama mbele ili wamsikie.

"Bi Waya," alisema, "vitabu hivi vinatakiwa viwe madukani shule zikifunguliwa. Mimi si mtu wa nyaya. Nataka uniambie mbele ya wenzako, ni nani anayekula mtandao wetu?"

Swali lile lilikuwa na jibu la kitaalamu: nipe muda nichunguze. Bi Waya alilijua. Lakini macho ya chumba kizima yalikuwa yamemgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hayakuwa yakiuliza habari za printa. Akachomeka waya wa projekta kwenye laptopu yake. Dirisha jeusi likatokea ukutani, kubwa kama mlango wa gereji.

"Naanza na ping," alisema. "Amri hii ni kama kubisha hodi. Nabisha kwanza kwenye kile kifaa chetu kinachotutoa nje, tusikie kinaitika upesi au kinavuta miguu."

Akaandika. Mistari minne ikashuka ukutani chapuchapu.

"Kimeitika papo hapo. Kwa hiyo nyaya za humu ndani ni nzima. Sasa nabisha mbali, nje kabisa."

Safari hii mistari ilishuka kwa kusitasita. Mmoja ulipotea, mahali pake pakaandikwa kwamba muda umekwisha na jibu halikuja.

"Mnaona? Tunakwama pale mlangoni pa kutokea. Kuna mtu anapitisha mzigo mkubwa anatuzibia njia."

Alisema kuna mtu. Angeweza kusema kuna kitu. Watu waligunaguna kwa kuelewa, mmoja akasema, "Kumbe!", na ile "kumbe" ikampanda Bi Waya kichwani.

"Mtu gani?" aliuliza mkurugenzi.

Ipo amri nyingine iitwayo netstat, inayoonyesha mazungumzo yote ambayo kompyuta imeyafungua na mashine nyingine wakati huo. Bi Waya aliruhusiwa na kazi yake kuingia katika kompyuta yoyote ya ofisi akiwa kwenye yake. Utaratibu ulikuwa aanze na zile za kwake mwenyewe, kisha apite moja baada ya moja. Hakufanya hivyo. Alianza na ya Mzee Nukta.

Mzee Nukta alikuwa msahihishaji, amebakiza muda mfupi astaafu, na jina hilo alilipata kwa sababu angeweza kukurudishia ukurasa mzima kwa nukta moja iliyokosekana. Tangu mwaka uliopita alikuwa amegeuza kioo cha kompyuta yake ili anayepita asione, na ukimkaribia alibonyeza kitu haraka. Penye kuchemshia chai watu walinong'ona kwamba uzee umemharibu babu wa watu, anaangalia mambo. Bi Waya hakuwahi kuongeza neno kwenye minong'ono ile. Alicheka tu pamoja na wengine.

"Hii ni kompyuta ya chumba cha usahihishaji," alisema, kana kwamba kutotaja jina kulimwondolea dhambi. Chumba kile kilikuwa na msahihishaji mmoja.

Akaandika netstat. Orodha ikajaa ukutani. Akarudia, na tena. Mistari mingi ilikuja na kuondoka, lakini mmoja ulibaki palepale, umeunganishwa na anwani ya nje.

"Huu hapa haufungwi," alisema. "Na anwani hii ni ya huduma ya video."

Chumba kikalipuka. Msanifu mmoja wa kurasa, ambaye ndiye aliyekuwa mcheshi wa ofisi, alipaza sauti kutoka nyuma: "Mzee, mbona unajifungia sinema peke yako? Tugawie na sisi!"

Mzee Nukta alikuwa amekaa karibu na mlango. Alisimama. "Binti," alimwambia Bi Waya, "naomba tuzungumze pembeni."

Bi Waya alimsikia.

"Naomba pembeni, binti yangu," alirudia.

"Hakuna pembeni," alisema mkurugenzi kwa sauti iliyokaribia kuwa mnong'ono. "Wenzako wameteseka siku tatu. Fungua tuone."

Na Bi Waya akafungua. Kioo cha Mzee Nukta kikatokea ukutani kama kilivyo: kurasa za kitabu cha hesabu upande mmoja, na kwenye kona kijidirisha kidogo. Akakibonyeza kikakua.

Kilionyesha chumba cha kulala, kimetazamwa kutoka juu. Mama mzee alikuwa ameketi sakafuni katikati ya nguo zilizotapakaa. Kifua chake kilikuwa wazi. Alikuwa akijaribu kuingiza mguu kwenye mkono wa blauzi, anavuta, anasimama kufikiri, anavuta tena, kwa bidii ya mtu anayejua kabisa kwamba anachelewa mahali. Kwenye viti vya nyuma kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa bado anacheka, kwa kuwa alikuwa hajatazama. Kisha spika za chumba cha mikutano zikatoa sauti ya yule mama, safi kama yuko hapo mezani:

"Watu wote wamekwenda wapi?"

Mzee Nukta alipita katikati ya viti, hakukimbia, akafika ukutani. Alivua koti lake akalinyanyua kwa mikono miwili kumfunika. Lakini mwanga wa projekta haufunikwi kwa koti. Picha ikahamia juu ya koti, ikapanda mabegani mwake na usoni, na mke wake akawa anahangaika na blauzi kwenye kifua cha mumewe.

"Zima, binti," alisema.

Vidole vya Bi Waya vilisahau kila kitufe vilichowahi kukijua. Mwishowe aling'oa waya wenyewe. Ukuta ukawa mweupe.

Mkurugenzi alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Mzee, kwa nini hukutuambia?"

Mzee Nukta alikuwa akivaa koti, anatafuta mkono mmoja bila kuupata, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. "Ningewaambia nini?" alijibu. Akatoka. Wakasikia akichukua mkoba wake chumbani, kisha hatua zake ngazini.

Kabla ya kuondoka alikuwa amezima kompyuta yake kabisa. Bi Waya aliliona hilo alipojaribu kuiita baadaye: hodi haikuitikiwa. Lakini mtandao haukusogea hata chembe. Ukurasa wa hesabu bado ulikwama. Alijifungia kwenye stoo yake, akafanya sasa kile alichotakiwa kufanya mwanzo. Aliandika netstat kwenye mashine zake mwenyewe, na kwenye ile iliyokuwa chini ya meza, inayogawa masasisho ya programu kwa ofisi nzima, mistari ilibubujika. Mashine ilikuwa ikipakua mzigo mkubwa kutoka nje kwa ajili ya kompyuta zote, na ilikuwa imeanza asubuhi.

Alifungua mipangilio aliyoiweka mwenyewe wiki iliyopita. Alikuwa amekusudia kazi ile ifanyike saa nane usiku, watu wakiwa wamelala. Kichwani mwake ilikuwa saa nane, na mkono ukaandika nane. Lakini mashine haihesabu saa kama sisi. Nane yake ni saa mbili asubuhi, watu wanapoingia kazini. Saa nane ya usiku ilipaswa kuandikwa mbili. Kosa ambalo mtoto wa shule ya msingi huchekewa nalo darasani.

Alirekebisha tarakimu ile moja na kuusimamisha upakuaji. Papo hapo akasikia shangwe kutoka ukumbini kwa wasanifu. Kurasa zilikuwa zinakwenda.

Alipotoka watu walimpigia makofi. "Kumbe kweli alikuwa mzee!" alisema mmoja. "Kaondoka tu, mambo shwari." Mwingine akasema, "Masikini, mke mgonjwa, lakini naye kutukamua wote hivyo!" Mkurugenzi alimwandikia neno moja kwenye kompyuta: Hongera. Bi Waya alisimama katikati ya makofi yale. Alisema, "Asanteni." Akarudi stoo, akafunga mlango, akakaa na taa imezimwa. Watu wawili walikuja wakitafuta choo.

Nyumbani alimkuta mama yake sebuleni akikunja nguo zilizotoka kuanuliwa. Waliishi wawili. Alimsimulia mambo ya siku ile, lakini alisimulia kama mtu anayebeba mtungi uliopasuka, ufa ameuelekeza upande wake. Alisema mkurugenzi alilazimisha. Alisema watu walicheka.

Mama yake alinyoosha shuka. "Umemvua mtu nguo hadharani," alisema. "Yeye na mkewe."

"Sikujua ni mkewe, mama."

"Alikuomba mzungumze pembeni?"

Bi Waya aliokota soksi moja, akaanza kuitafutia mwenzake.

"Nimekuuliza."

"Aliomba."

"Na hilo kosa la mtandao, lilikuwa lake?"

Alitafuta pa kuuweka uso wake, sebule nzima haikuwa na mahali. "Langu," alisema. "Na hawajui. Wamenipongeza."

Mama yake aliweka shuka chini. Alikuwa mtu wa maneno makali kwa mambo madogo, chumvi kuzidi, viatu kuachwa mlangoni, lakini sasa hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha binti yake.

"Basi kesho utayasema."

"Kusema kutasaidia nini? Wameshamwona. Maji yakishamwagika hayazoleki."

"Hayazoleki," mama alikubali, "lakini sakafu hupigwa deki. Shika ncha ya hiyo shuka, tukunje."

Kesho yake Bi Waya alimngoja mkurugenzi mlangoni kwake. Alimweleza yote kwa pumzi moja, saa nane, saa mbili, mashine iliyo chini ya meza. Mkurugenzi alisikiliza akiwa bado ameshika mkoba begani.

"Kiwandani nimeshawaambia tatizo lilikuwa mfanyakazi mmoja na limekwisha," alisema. "Kwa nini unataka kulifufua?"

"Kwa sababu si yeye, mama. Naomba uniruhusu niwaambie wote."

Mkurugenzi aliketi. Kwa mara ya kwanza Bi Waya aliona kwamba macho yake yalikuwa mekundu. "Nani alisema fungua?" aliuliza. "Ni mimi. Unadhani nimelala? Usiku kucha nimejiambia, ni kweli tumemwaibisha, lakini angalau alikuwa na kosa, angalau tulikuwa na sababu. Sasa unakuja kuniondolea hata hiyo sababu."

Nje kiti kilikwaruza sakafu.

"Nenda ukaseme," alisema mkurugenzi. "Nitasimama pale mlangoni."

Bi Waya alisimama katikati ya ukumbi wa wasanifu, mikono ameifungia nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, akasema kwamba mtandao ulikwamishwa na yeye, si Mzee Nukta. Alieleza namna alivyoandika nane akimaanisha saa nane. Wengine waliangua kicheko, maana lilichekesha kweli, na kabla ya chakula cha mchana jina la Bi Waya lilikuwa limekufa. Aliitwa Saa Nane. Alilipokea. Lililomwumiza zaidi lilikuwa uso wa yule msanifu mcheshi, ambaye hakucheka. Alikaa akitazama mikono yake.

Ndiye aliyemfuata baadaye na kumwelekeza kwa Mzee Nukta, ambaye hakuwa ametokea kazini. Aliwahi kumsindikiza siku moja ya mvua. "Hakunikaribisha ndani," alisema. "Nilirudi nikawaambia watu kwamba mzee ni bahili wa chai." Akafuta kamasi kwa kiganja. "Mwambie... basi, usimwambie kitu."

Jumamosi Bi Waya alipanda ngazi za jengo refu lililochakaa, akafuata ujia uliopangwa ndoo na baiskeli za watoto, hadi mlango wa mwisho. Alibisha. Kitasa kikazunguka na Mzee Nukta akachungulia kwenye uwazi usiozidi upana wa kiganja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Aliitikia kwa sababu alikuwa mtu wa adabu. Kutaka hakutaka.

"Nimekuja kuomba radhi. Na kukwambia kwamba kosa halikuwa lako, lilikuwa langu, na ofisi nzima nimeiambia."

"Nimesikia. Mkurugenzi alinipigia simu." Alingoja. "Radhi umeomba. Nenda salama, binti."

Mlango ulianza kufungwa. Ndipo ile sauti ikatoka ndani, ileile ya kwenye spika. "Nani huyo? Mbona umemsimamisha mgeni nje kama mdai? Mkaribishe!"

Mzee Nukta alifumba macho kidogo. Kisha akafungua.

Sebule ilikuwa ndogo na safi. Kila mlango ulibandikwa karatasi yenye maandishi makubwa ya mkono wenye nidhamu: Choo. Jiko. Chumba cha kulala. Huku usitoke. Kila moja ilikuwa na nukta yake mwishoni. Mama mzee alikuwa kwenye kochi, amevaa vizuri, nywele zimechanwa, na alipomwona Bi Waya uso ulimkunjuka.

"Mdogo wangu! Umekonda hivyo? Hawakulishi huko?"

Bi Waya alimtazama mzee. Mzee hakumsaidia.

"Wananilisha, dada," alisema.

"Kaa hapa." Akamshika mkono, akaushikilia karibu na moyo wake kama kitu alichokuwa amekipoteza. Bi Waya alikaa. Alikuwa ameuona mwili wa mama huyu mbele ya watu wote na mama huyu hakujua, alikuwa akimpapasa vidole na kumwuliza habari za watu waliokufa. Machozi yalimlenga, akajikaza kisabuni, maana aliona hana haki ya kulia humo ndani.

"Niliwahi kuweka msichana wa kumwangalia," alisema Mzee Nukta akiwa amesimama. "Alimfukuza kwa ufagio, akasema ni mwizi. Wa pili vilevile. Jirani humchungulia mchana. Basi nikaweka kamera. Nilikuwa namwona, nasoma ukurasa. Namwona, nasoma ukurasa. Akitangatanga, namsemesha kwa kamera ileile, mama, kaa, nakuja, naye hukaa. Sasa nimeing'oa."

Ilikuwa mezani, waya wake umezungushwa shingoni kama kitu kilichonyongwa.

"Nina swali moja," aliendelea. "Kama wewe uliweza kumwona, nani mwingine amemwona?"

Bi Waya angeweza kusema hakuna. Lilikuwa neno jepesi na lingemtuliza. "Neno la siri la kamera ulilibadilisha ulipoinunua?" aliuliza.

"Kulikuwa na neno la siri?"

"Lile lililoandikwa kwenye karatasi ya boksi. Wengi huliacha hivyohivyo, na kila mwenye kamera kama hii analijua." Aliitazama ile kamera mezani. "Kwa hiyo sijui, mzee. Pengine hakuna. Pengine wapo. Siwezi kujua, na sitakudanganya."

Mzee Nukta aliketi taratibu, akatazama sakafu. Mkewe alimgeukia. "Umefanya nini tena wewe? Mbona umenuna mbele ya mdogo wangu?"

"Sikununa, mama. Nimechoka tu."

Kisha akasimama akaleta kompyuta ya nyumbani na kuiweka mezani. "Ifunge," alisema. "Ifunge asione mtu isipokuwa mimi. Wewe pia usione."

Bi Waya alifanya kazi kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulikuwa umeshikwa na mama. Alifuta mipangilio yote ya kamera akaianzisha upya, akamwambia mzee atunge neno la siri na kuliandika mwenyewe, naye akageuza shingo hadi alipomaliza. Akafungua dirisha jeusi. Mzee Nukta, aliyeliona mara ya mwisho likiwa ukutani, alirudi hatua nyuma.

"Nabisha hodi kwenye kamera tu," alisema Bi Waya haraka. "Nione kama imeshaungana."

Mistari minne ikashuka. Mzee alivaa miwani, akainama. Mazoea ya miaka yalimshinda. "Mbona inarudia sentensi moja mara nne? Mwandishi akiniletea hivyo namkatia tatu."

"Imebishiwa mara nne, ikajibu mara nne."

"Hm," alisema. Akaisoma mistari yote minne hadi mwisho.

Alipomaliza kumwonyesha kila kitu, jinsi ya kujua nani ameunganishwa na jinsi ya kuzima, alisimama kuaga. Ilichukua muda, kwani mama hakutaka kuuachia mkono wake. "Usikae sana bila kuja, mdogo wangu," alimwambia. Bi Waya alimtazama mzee apate jibu lake. Mzee Nukta alikuwa akikunja waya uliobaki na hakuinua uso.

Mlangoni alisema, "Sijakusamehe, binti."

"Najua, mzee."

"Sisemi sitaweza. Nasema bado. Na Jumatatu nikija kazini usinisalimie kwa ile sauti ya msibani. Sijafiwa."

Jumatatu alikuja. Bi Waya alikuwa chini ya meza ukumbini akivuta nyaya, na alijua mzee ameingia kwa namna mazungumzo yalivyokatika ghafla. Aliona viatu vyake vikipita, viatu vya kahawia vilivyopigwa rangi vizuri. Angeweza kutoka akamwamkia. Alibaki mle chini, amebana waya kifuani, hadi viatu vikapita na mlango wa chumba cha usahihishaji ukafungwa. Msanifu mcheshi alisema kitu kidogo kuhusu mvua.

Kabla ya saa ya chai sauti iliita kutoka chumba kile. "Fundi!"

Alikwenda. Ukumbi mzima ulimtazama akipita, na mlango akauacha wazi kwa kuwa hakujua kama anaruhusiwa kuufunga. Kompyuta ya mzee ilikuwa imegoma kumpokea tangu ilipozimwa ghafla siku ile. Bi Waya aliishughulikia amesimama, akaifikisha pale inapodai neno la siri jipya.

"Geuka," alisema Mzee Nukta.

Aligeuka. Alijikuta anautazama ukumbi, nyuso zote zikiwa zimemwelekea, na hakuwa na kitu mikononi cha kumpa kisingizio. Nyuma yake kidole kimoja cha mzee kilitafuta herufi, kikaibonyeza, kikatafuta nyingine. Hakusogea. Mzee alikosea, akafuta, akaanza upya, bila haraka yoyote, na Bi Waya akaendelea kusimama pale mbele ya watu wote hadi alipoambiwa, "Haya, tayari."